Trela ya Ljip

Middelburg, 18 Februari 1996

Mjomba Wobbe,

Salamu kutoka huku kusini, ambako upepo haujapumzika tangu Krismasi. Sisi wazima. Jildou ametimiza miaka tisa, amepoteza jozi ya tatu ya glavu, na mwalimu wake anasema anajua kusoma kuliko anavyojua kunyamaza. Baba yake, Maarten, ana kazi nyingi. Mimi bado niko maktaba. Koo la Mjomba linaendeleaje tangu baridi izidi? Kadi ya Mjomba ya Krismasi ilifika, na ya mwaka juzi pia, na zote sikujibu. Sina sababu nzuri ya kumpa Mjomba.

Najua Mjomba hapendi kuzungushwa, basi nasema lililonikalisha mezani. Bado naletewa gazeti la nyumbani kwa posta, linafika limechelewa siku mbili. Jana ukurasa wa nane, kati ya baiskeli ya kike na sungura wa kufuga, nimekuta hili: "Inauzwa trela ya mashua ndogo ya matanga, mita tano na nusu, imetumika, winchi nzima. Heeg, nyumba ya zamani ya mlinzi wa daraja. Njoo utazame. Usipige simu." Nilicheka kwanza, maana Heeg nzima hakuna mwingine ila Mjomba anayeweza kuwafokea watu asiowajua hata gazetini. Halafu kicheko kikakata. Hapo kuna trela moja tu, na juu yake imekaa mashua ya marehemu mama.

Sasa Ljip itakaa juu ya nini? Zaidi ya miaka mitatu sijaja kuiona, na Mjomba ana haki ya kunisema kwa hilo. Lakini mashua mama aliniachia mimi, na trela waliinunua pamoja na Mjomba, nusu kwa nusu. Basi Mjomba auze hiyo nusu yake kwangu, kwa bei anayotaka. Nimemwahidi Jildou kwamba Julai hii tutaishusha majini, huku kwenye ziwa la Veere. Mwaka huu nimeahidi mengi, na hili ndilo pekee ninaloona naweza kulitimiza. Naomba asimuuzie mtu mwingine.

Mpwa wake,
Nynke


Heeg, 14 Machi 1996

Mpwa wangu Nynke,

Barua yako imenikuta hai, jambo ambalo daktari hakulitegemea. Mfereji umeyeyuka wiki iliyopita na mabata wamerudi na kelele zao. Yai la kwanza la ljip, yule ndege wa malishoni aliyeipa mashua jina, bado halijaonekana. Wanaume wazima wanazunguka malishoni wameinama kama waliopoteza funguo, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kulipata na picha yake itoke gazetini. Sauti yangu ni ile ile ya kunong'ona tangu upasuaji wa koo. Paka wa jirani ananishinda. Ndiyo maana niliandika usipige simu, si kwa ukali. Mtu anapiga, mimi nanong'ona, yeye anadhani ni mhuni anayepumua, anakata.

Mlinzi mpya wa daraja ni kijana wa mitambo. Anabonyeza kitufe, daraja linapanda, hatazami nje. Kile kiatu cha mbao nilichokuwa nawashushia wenye mashua kwa kamba ili watumbukize ushuru wamekitundika ukutani kwenye mgahawa, watalii wanakipiga picha.

Kuhusu trela: haikufai. Springi zimechoka na ekseli imeinama kidogo upande wa kulia. Ingekufikisha nusu ya njia, halafu ungekaa kando ya barabara kuu ukimlilia Maarten. Isitoshe, mtu wa Makkum, Hylke, amekuja kuitazama mara mbili. Yeye ataikatakata na kubebea mitumbwi ya watoto.

Ljip iko bandani. Ni kavu.

Bahasha yako imeandikwa mtaa nisioujua, namba 14 juu. Juu ya nini?

Wobbe


Middelburg, 18 Machi 1996

Mjomba,

Tuko salama, Jildou ana mafua, mvua inanyesha kutoka pembeni. Mjomba ameuliza juu ya nini: juu ya duka la baiskeli. Tumehama kwa muda, nyumba inatengenezwa.

Springi zimechokeshwa na nini? Trela ilinunuliwa mpya, mwaka 1986. Ilitoka barabarani labda mara nane, na kila mara mama alienda nayo polepole hadi matrekta yakampigia honi. Ljip haina uzito wa kuinamisha ekseli hata ingekaa juu yake miaka ishirini. Ama Mjomba amebebea ng'ombe?

Nitaipeleka kwa fundi. Kuna mtu kazini mwenye gari yenye ndoano ya kuvutia, ameshakubali. Tutakuja Jumatatu ya Pasaka, tutapakia, tutakunywa kahawa, tutaondoka. Sihitaji hata kulala. Naomba sana, Mjomba asimpe huyo Hylke.

Nynke


Heeg, 29 Machi 1996

Mpwa wangu,

Hapa tu wazima. Yai limepatikana, na mtu wa kijiji kingine, kwa hiyo Heeg imenuna.

Trela nimeiuza.

Hylke alikuja Jumanne na kaka yake kama shahidi. Unajua sisi tunavyouziana: unataja bei, unapiga kiganja cha mwenzako, yeye anataja yake, anapiga chako, hivyo hivyo mpaka mikono ishikane na kuachiana kuwe ni aibu. Nilidhani bila sauti nitapunjwa. Kumbe ndiyo ilikuwa silaha. Yeye anapiga kelele, mimi namwandikia tarakimu kwenye vumbi la dirisha la gari lake, kisha nazaba kiganja. Nilimzaba mpaka akasema, "Mzee, punguza basi, mkono huu ndio wa kulia supu!" Kaka yake alicheka hadi akakaa chini. Mwisho akashika mkono wangu na hakuuachia, na mtu akishaushika ndiyo imekwisha, hata hakimu haivunji. Barua yako ilikuwa imefika asubuhi ile. Sikuifungua mpaka jioni. Nilijua ina nini.

Nusu ya pesa ni yako, ipo kwenye kopo la kahawa.

Usije Pasaka. Sitakuwepo.

Wobbe


Middelburg, 3 Aprili 1996

Mjomba,

Salamu. Jildou amepona.

Mjomba hajawahi kutokuwepo. Miaka thelathini na mmoja alilala mita tano kutoka kwenye daraja asije mtu akakwama. Siku ya harusi yangu aliondoka kabla ya keki. Pasaka anakwenda wapi?

Nina swali moja tu, na naomba lijibiwe kama lilivyo. Mashua ya mama ina nini?

Nynke


Heeg, 20 Aprili 1996

Nynke,

Maua yamechanua nyuma ya banda, yale ya njano aliyoyapanda dada yangu. Nimepaka rangi mlango. Nimeanza barua hii mara nne na kila mara nikaenda kupaka kitu kingine rangi. Sasa hakuna kilichobaki cha kupaka.

Ljip ilipasuka. Ule mwaka wa msiba ilikaa nyuma ya banda juu ya trela, chini ya turubai. Kizibo cha chini, cha kutolea maji, hakikuchomolewa. Upepo ukalegeza turubai, mvua ya Desemba ikaingia siku baada ya siku na haikuwa na pa kutokea. Mashua ikajaa hadi ukingoni. Ndipo springi zilipochoka na ekseli ikainama. Januari ikaja barafu, na barafu ikafanya kazi yake. Mbao kumi na tatu. Upande wa kulia ungeweza kupitisha mkono wako, na mataruma mawili, mbavu za mashua, yalikatika.

Kila mtoto wa maziwa haya anajua: kabla ya baridi unachomoa kizibo, unakifunga kwa uzi kwenye mpini wa usukani mahali kila mtu anakiona. Nimewafundisha watoto wa kijiji kizima hivyo. Nilisahau mimi. Hakuna wa kulaumiwa mwingine.

Sikukuambia kwa sababu nilikuwa mwoga. Pasaka nilikuwa hapa hapa.

Wobbe


Middelburg, 24 Aprili 1996

Wobbe,

Leo sina salamu.

Wewe! Wewe uliyenirudisha kwa baiskeli kwenye mvua nikiwa na miaka saba, kilomita nne, kwa sababu sikukumbuka kama nimechomoa kizibo. Nilikuwa nimekichomoa! Wewe uliyemsema mama mbele ya wageni kwa fundo moja tu alilolifunga vibaya. Wewe ambaye ulijua kila mashua iliyopita chini ya daraja lako na kasoro yake. Wewe umesahau?

Zaidi ya miaka mitatu wewe unakaa na jambo hili. Kila Krismasi unanitumia picha ya kanisa kwenye theluji na maneno mawili, "Hapa salama". Umeuza trela nisipate namna ya kuja kuona. Mimi nilikuwa najiambia, haidhuru, kuna kitu kimoja kiko mahali pake. Kila kitu huku kinahama, mimi ninahama, lakini bandani kule Heeg mashua ya mama imekaa inanisubiri. Kumbe nilikuwa nasubiriwa na kuni.

Ile ndiyo iliyokuwa imebaki ya mama, na wewe umeiacha ioze, halafu umenong'ona. Usiniandikie.

Nynke


Middelburg, 2 Juni 1996

Mjomba Wobbe,

Salamu, kama zitapokewa. Jildou ni mzima. Mjomba ametii, wiki tano na nusu sijapata hata bahasha, na kila asubuhi nimeteremka ngazi kuangalia.

Jumatano iliyopita mwenye duka la baiskeli alikuwa anapaka turubai lake mafuta uani. Harufu ikapanda hadi dirishani kwetu. Nilikuwa naosha sahani. Nilisimama nikashindwa kuendelea, nikajua, mikono ikiwa ndani ya maji.

Novemba ile Mjomba hakuwa Heeg. Alikuwa hospitalini, wiki tatu baada ya mazishi ya mama, kitanda cha dirishani, bomba shingoni. Mimi ndiye niliyeifunika Ljip. Peke yangu. Maarten alikuwa amekaa garini na mtoto akipiga honi kwa sababu giza linaingia. Nilifunga turubai kwa hasira, nikamfokea, tukaenda moja kwa moja kumtazama Mjomba. Muuguzi alinirudisha mlangoni nikaoshe mikono, inanuka mafuta. Mjomba alikuwa hawezi kusema. Aliandika kwenye daftari neno moja, akanigeuzia nisome: "Kizibo?"

Na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Sikukichomoa. Nimejaribu siku nne kujikumbusha nikiwa nimepiga magoti chini ya mkuku wa mashua, na siioni picha hiyo, kwa sababu haipo. Mjomba alijua tangu siku alipotoka hospitali. Alijua alipokuwa anaandika "nilisahau mimi". Alijua aliposoma matusi yangu.

Sijui niombe radhi kuanzia wapi, kwa hiyo nitaanza kwa kuacha uongo. Hakuna nyumba inayotengenezwa. Nimemwacha Maarten tangu Januari, na yeye hakunizuia. Hapa juu ya duka tuna chumba kimoja na nusu. Jildou analala kwenye hiyo nusu. Ziwa la Veere nililiona mara moja tu, kwa basi. Nisingekuwa na pa kuiweka mashua hata ingekuja. Nilitaka tu iwe njiani kuja.

Mpwa wake, kama bado,
Nynke


Heeg, 9 Juni 1996

Mpwa wangu Nynke,

Salamu zimepokewa. Hapa nyasi zimekatwa mara ya kwanza na kijiji kizima kinapiga chafya. Katika barua yako ya Aprili umeniita "wewe" mara saba, nimehesabu. Katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kumwambia mkubwa "wewe". Marehemu bibi yako angekutoa nje ukale na kuku. Mimi nimeiweka kwenye kabati. Ulikuwa umekasirika vizuri. Ungekuwa na ukali huo tangu zamani, Maarten angeshuka garini.

Ndiyo, nilijua. Nilitoka hospitali Februari, nikafungua turubai, barafu imekaa ndani ya mashua kama mkate kwenye kikaango chake. Nikatazama mpini wa usukani. Hakuna uzi, hakuna kizibo. Nikakaa kwenye ndoo. Kuhusu kile kichwa ulichoitikia, ningeandika "Ng'ombe?" ungeitikia vile vile. Ulikuwa umetoka kumzika mama yako. Nilipaswa kumtuma mtu mwingine akahakikishe, na sikumtuma, kwa sababu niliona nikiliamini jibu lako nitakuwa nimekupunguzia jambo moja. Kwa hiyo niliposema nilisahau mimi, sikukudanganya sana. Kosa tumegawana, nusu kwa nusu.

Kwanza nilitaka ukae mwaka mmoja bila kujua. Mwaka ukawa miwili. Hukuja, nikafikiri unajua na ndiyo maana huji. Kumbe wewe ulikuwa na yako.

Sasa nikuambie ambalo sijakuambia. Haikuwa kuni. Nimebadilisha mbao kumi na moja. Majira matatu ya baridi bandani, jiko likiwaka, mikono hii ikitetemeka, ubao mmoja ukinichukua wiki tano. Mataruma ni mapya. Kalafati ya kuziba nyufa nimeitia mwenyewe. Pesa zikaniishia, mbao za mwaloni mzuri si rahisi, ndiyo nikauza trela. Sikuihitaji. Nilikuwa nimepanga mwezi huu niilete kwa maji. Kuna njia ya mifereji na maziwa kutoka hapa mpaka kwenu Zeeland, ambayo kila daraja lake linafunguka na huhitaji kushusha mlingoti. Nilikwishanunua honi ya kuwapulizia walinzi, kwa kuwa siwezi kupiga kelele. Nilitaka nitokee kwenye gati mjini kwenu nimevaa kofia, niseme, "Hii hapa." Mzee wa miaka sabini na mbili. Cheka.

Halafu ukaandika unakuja Pasaka na gari, na upande wa kulia bado ulikuwa wazi. Nikaogopa.

Zimebaki mbao mbili, za chini kabisa pale tumbo linapopinda. Pale mtu mmoja hawezi. Mmoja anapiga misumari ya shaba kutoka nje, mwingine yuko ndani amelala ubavu, ameshika chuma kizito nyuma ya kila msumari. Hylke alijitolea. Nilimrudisha kwao kabla ya saa sita. Anaongea, na hajui ni mashua ya nani.

Nimekukumbuka sana, Nynke. Nimeliandika, halifutiki, ni wino.

Nyumba ina vyumba vitatu na mimi natumia kimoja. Sisemi zaidi. Unajua hali ya sauti yangu.

Wobbe


Middelburg, 13 Juni 1996

Mjomba wangu,

Salamu nyingi sana kutoka kwetu wawili. Nimeisoma barua kwa sauti, Jildou akanizuia nilipofika kwenye ndoo, akasema nipumue kwanza. Tumeisoma mara tatu. Kwenye kofia tulicheka, kisha nikalia, naye akaniletea taulo la vyombo, chafu.

Nimeongea na maktaba. Wamenielewa kuliko nilivyojielewa. Nimeongea na shule. Jildou atamalizia mwaka popote. Nimemwambia Maarten kwa simu, akauliza ni lini, nikamwambia, akasema sawa. Basi.

Tunafika Jumamosi tarehe 22, kwa basi la saa nane mchana kutoka Sneek. Sijui Heeg nitafanya kazi gani. Sijui kama Mjomba atanivumilia asubuhi, maana sinyamazi tena nikiwa na hasira, nimeshaonja. Nitalala ubavu ndani ya mashua Julai nzima kama inatakiwa, na kila msumari nitaushika.

Mjomba asinunue kitu. Asipake kitu rangi. Ila aje kituoni na mkokoteni wa jirani, tuna masanduku manne na maboksi mawili ya vitabu. Hatuji kwa wikiendi.

Nynke